Hema linalovuja lirudi dukani, hata kama ukutani kuna kibao

Mhariri,

Ingia duka lolote la vifaa vya kambi na kupanda milima Nairobi, Nakuru au Nanyuki, na yamkini utakuta kibao ukutani, au maandishi madogo chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Wateja wengi huyapokea maneno hayo kama sheria iliyopitishwa Bungeni. Kwa bidhaa yenye kasoro hayana nguvu yoyote, na tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze ni kwa nini, na mnunuzi afanye nini ili haki hiyo isimponyoke.

Tuanze na sheria, maana ni fupi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, kupewa habari za kumwezesha kufaidi bidhaa hizo kikamilifu, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro. Sehemu ya 5 ya Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekwisha kudhamini ubora wa bidhaa kwa kule kuiuza tu. Sehemu hiyo hiyo inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuondoa dhamana zilizomo katika Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 31. Kibao cha ukutani kinaweza kumzuia anayetaka kurudisha buti kwa kuwa rangi imemchosha. Hakiwezi kumzuia aliyeuziwa buti ambazo soli imebanduka.

Ugumu uko kwingine: muda. Sheria ya Uuzaji Bidhaa inasema mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda wa kuridhisha bila kumwambia muuzaji kwamba ameikataa, anahesabiwa kuwa ameipokea. Akishaipokea, hawezi tena kuikataa na kudai bei yote. Anabaki na haki ya kudai fidia ya hasara tu. Sasa fikiria vifaa vya milimani. Sufuria hutumika jioni ile ile iliponunuliwa. Hema hununuliwa Machi, likawekwa juu ya kabati, likafunguliwa Agosti kwenye kambi ya mita 4,200 juu ya Mlima Kenya, usiku, baridi ikiwa chini ya sifuri. Hapo ndipo mwenye hema anagundua kwamba mshono unavuja. Akirudi dukani miezi mitano baada ya kununua, jibu analolipata ni moja: umekaa nalo, umelitumia, umeliharibu mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza, na ndio tunaouthamini kuliko mwingine wote, ni kwamba kila kifaa kijaribiwe nyumbani ndani ya wiki ya kwanza, kabla lebo hazijakatwa na boksi halijatupwa.

Hema lisimamishwe uani, vigingi vyote vikiwa vimepigwa na kamba zimekazwa, kwa sababu turubai lililolegea hukusanya maji hata kama halina kasoro. Limwagilieni maji kwa mpira wa bustani dakika 20 hadi 30, mkilenga mishono, zipu na pembe za sakafu. Kisha mtu aingie ndani na tochi. Hapa pana kosa linalowaponza wengi: hulalamika kwamba hema linavuja kumbe ni jasho la hema, yaani mvuke wa pumzi unaogeuka matone kwenye kitambaa baridi. Jasho hutanda kama ukungu sehemu kubwa ya upande wa ndani, nalo huonekana baada ya watu kulala humo. Uvujaji huanzia mahali pamoja, kwenye mshono au tundu, na hutiririka kwa mstari. Mkijaribu mchana, hema likiwa tupu na milango wazi, hakuna atakayesingizia pumzi.

Angalieni pia utepe unaoziba mishono kwa ndani. Uwe umeshika mfululizo, bila mapovu wala ncha zilizoinuka. Mahema ya nailoni iliyopakwa silikoni huwa hayana utepe, kwa kuwa utepe wa kawaida haushiki kwenye silikoni. Hayo mnunuzi huziba mishono mwenyewe kwa gundi maalumu. Hiyo si kasoro iwapo muuzaji amesema. Akinyamaza, amemnyima mteja habari ambayo Katiba inasema ni haki yake. Hema likinuka kama maziwa yaliyochacha na sakafu ikinata mkononi, utando wa poliurethani, plastiki inayozuia maji, umeanza kuoza, dalili kwamba limekaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu. Lisipokelewe kamwe, hata kwa nusu bei. Kipimo cha kuzuia maji kilichoandikwa kwenye mfuko, kwa mfano milimita 1,500 au 3,000, ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuhimili kabla hakijapenyezwa. Sakafu huhitaji zaidi ya paa, kwa sababu goti la mtu hukandamiza kuliko mvua. Fito za faibaglasi zikaguliwe kwenye viungo. Ufa mdogo wa kuelekea urefuni huwa mpasuko kamili upepo ukivuma. Zipu ifunguliwe na kufungwa mara 20. Meno yakiachana nyuma ya kishikizo ilhali hema ni jipya, kishikizo kimepanuka, na hiyo ni kasoro.

Buti ndizo zenye hila kubwa zaidi. Nyingi zina soli ya kati ya poliurethani, povu gumu linalomeza mishtuko ya mwendo. Povu hilo huvunjika polepole kwa unyevu wa hewa, hata kama buti haijavaliwa hata siku moja. Miaka ikipita tangu itengenezwe, hugeuka kama keki kavu: kwa nje inang'aa, kwa ndani ni makombo. Mteja huvaa buti "mpya," na baada ya saa chache za kupanda soli nzima inabaki matopeni. Kwa hiyo tafuteni tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi huwa kwenye lebo ndogo chini ya ulimi wa kiatu au kwenye boksi. Ikipita miaka mitano, tungekataa. Bonyezeni povu kwa kidole gumba pande zote. Likibaki na shimo, likionyesha nyufa nyembamba au likitoa unga, limeshakufa. Povu la aina ya EVA haliozi kwa njia hii, ingawa hubonyea na kupoteza unono wake. Baada ya kununua, vaeni buti ndani ya nyumba, juu ya zulia, saa mbili kwa siku, siku mbili au tatu, mkiwa na soksi mtakazotumia safarini. Msitoke nazo nje. Soli isiyo na vumbi humnyima muuzaji hoja yake anayoipenda.

Mfuko wa kulalia una kasoro ya aina nyingine: ya maneno. Kipimo cha kimataifa cha ISO 23537 hutoa viwango vya joto zaidi ya kimoja. Kuna kiwango cha starehe, ambapo mwanamke wa wastani hulala vizuri. Kuna kiwango cha mwisho wa starehe, kilichopimwa kwa mwanamume aliyejikunja. Na kuna kiwango cha hatari, ambapo mwanamke wa wastani anaweza kukaa saa sita bila kufa kwa baridi, ingawa anaweza kuumia. Wauzaji wengine huchukua namba ya kiwango hiki cha hatari na kuibandika kwa herufi kubwa: nyuzi 10 chini ya sifuri. Mnunuzi hudhani atalala kwa raha kwenye baridi hiyo. Kuuza kwa namba ya kunusurika kana kwamba ni namba ya kulala ni kupotosha, na sheria ya 2012 inakataza taarifa za kupotosha kuhusu ubora na matumizi ya bidhaa. Pigeni picha tangazo lenyewe siku ya kununua. Likishafutwa mtandaoni hamna cha kuonyesha.

Jiko dogo la gesi lipimwe nje ya nyumba, mbali na moto. Lifungwe kwenye kopo lake, lipakwe maji ya sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakikua, gesi inatoka. Mara nyingi chanzo ni pete ya mpira iliyokauka, kupasuka au kukosekana kabisa. Msijaribu kulikaza kwa koleo: kiungo cha shaba huliwa meno, na kasoro ya muuzaji inageuka uharibifu wenu. Tochi ya kichwa iwashwe kwa nguvu kamili, betri zikiwa zimejaa, na muda uandikwe hadi mwanga uishe. Alama ya IPX4 maana yake ni kustahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. Haimaanishi kuzamishwa, hiyo ni IPX7, mita moja kwa dakika 30. Anayelalamika kwamba tochi ya IPX4 imekufa baada ya kuanguka mtoni hatapata kitu, na hapo muuzaji yuko sahihi.

Kwa vifaa vinavyobeba uhai wa mtu, yaani kamba, mikanda ya kupandia na karabina (pete za metali zenye mlango), hakuna jaribio la nyumbani. Msininginie juu ya mti kuona kama mkanda utashika. Someni alama. Karabina ya kupandia inayofuata kipimo cha Ulaya cha EN 12275 huchongwa uwezo wake mwilini kwa kilonyutoni, kipimo cha nguvu: ya kawaida hubeba angalau 20 kwa urefu, 7 kwa upana, na 7 ikiwa mlango wazi. Kamba ya kupandia yenye kunyumbuka hufuata EN 892, mkanda EN 12277. Alama ya CE, ya kukidhi masharti ya Ulaya, kwenye vifaa hivi hufuatwa na tarakimu nne za taasisi inayosimamia ukaguzi. CE tupu, bila tarakimu, bila namba ya toleo na bila kijitabu cha maelezo, ni sababu tosha ya kukataa. Karabina za kuning'iniza funguo zinauzwa pembeni mwa zile za kweli, na kwa macho zinafanana kabisa.

Kabla ya kulipa, semeni matumizi. Hili wengi hawalijui. Sehemu ya 16 ya Sheria ya Uuzaji Bidhaa inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi mahususi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa lazima ifae kazi hiyo. Lakini ukiingia na kutaja jina la kampuni na modeli tu, "nipe hema fulani," unaweza kupoteza ulinzi huo, kwa sababu umechagua mwenyewe kwa jina la biashara. Basi uliza kwa ujumbe: "Nataka hema la watu wawili, la kulala Shipton's Camp, Mlima Kenya, mwezi wa nane, unanishauri lipi?" Jibu lake litunze. Sehemu hiyo hiyo ina mtego mwingine: ukikagua bidhaa dukani, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungeifichua. Kwa hiyo usikague nusu nusu. Ama ukague sawasawa, ama ukague nyumbani. Kwa vitu vya mitumba vya masoko ya Gikomba au Toi mtego huu ndio unaowanasa wengi, kwani mnunuzi huwa ameshika na kugeuza kila kitu kabla ya kulipa.

Kasoro ikishaonekana, acheni kutumia kifaa siku hiyo hiyo. Kosa kubwa kuliko yote ni kukimbilia kwa fundi. Buti ikishapakwa gundi na fundi wa viatu, hakuna atakayejua ilibanduka kwa sababu gani, na kuitengeneza ni kama kusema umeipokea. Msiioshe, msikate kipande, msitupe vipande vilivyovunjika. Pigeni picha tatu za kila kasoro: moja ya kifaa chote, moja ya karibu, na moja yenye lebo ya modeli na namba ya toleo. Kwa uvujaji, video moja bila kukatwa, kuanzia mpira wa maji hadi tone la ndani. Risiti za karatasi maalumu hufifia, zipigwe picha mapema. Aliyelipa kwa M-Pesa ana ujumbe unaotaja kiasi, saa, jina la aliyepokea na namba ya muamala. Huo ni ushahidi, usifutwe.

Kisha taarifa iandikwe. Kumwambia kijana wa kaunta kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu wiki mbili baadaye hatakuwepo. Maneno machache yanatosha: "Tarehe fulani nilinunua kwenu hema modeli fulani kwa shilingi kadhaa, risiti namba hii. Tarehe fulani nililijaribu na kukuta mshono wa kushoto unavuja. Picha na video zimeambatishwa. Ninalikataa hema hili na ninadai bei yote irudishwe ndani ya siku 14. Lipo kwangu, halitumiki, mnaweza kulichukua." Sentensi hiyo ya mwisho ina msingi: sheria haimlazimishi mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki kuibeba hadi dukani. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Ukichagua kuipeleka, usiiache bila karatasi iliyosainiwa na kupigwa muhuri, yenye tarehe na maelezo ya kasoro. Vifaa vingi vimepotelea "kwa fundi wa kampuni" kwa kukosa karatasi hiyo.

Muuzaji atakuwa na majibu yake. Atasema nenda kwa aliyeitengeneza. Mkataba wako ni naye aliyepokea pesa. Atasema waranti imeisha au haikuwepo. Waranti ni nyongeza tu, haiondoi dhamana ya sheria. Atakupa hati ya kununua kitu kingine dukani kwake. Si lazima uipokee kama ulidai pesa. Atasema ilikuwa bei ya ofa. Bei ya chini hairuhusu mali mbovu, labda kama kasoro yenyewe ilitajwa wazi kabla ya kulipa, na hapo hamna cha kudai. Lakini tuwe wakweli: wapo pia wateja wanaorudisha hema lililopasuliwa na upepo kwa kuwa hawakukaza kamba, au mfuko ulioungua kwa jiko lao wenyewe. Madai ya namna hiyo ndiyo yanayowafanya wenye maduka wawe wagumu hata kwa mwenye haki.

Aliyenunua mahema kumi kwa ajili ya biashara ya kuongoza wageni asome mkataba kwa makini zaidi. Kati ya wafanyabiashara, Sheria ya Uuzaji Bidhaa inaruhusu dhamana hizi kuondolewa kwa makubaliano ya wazi.

Siku 14 zikipita kimya, zipo njia tatu. Bidhaa ikiwa ya hatari, au alama yake ya ubora ikitiliwa shaka, ripoti iende KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa. Kwa bidhaa za humu nchini, namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora hukaguliwa kwa kutuma herufi SM, alama ya reli (#) na namba hiyo kwenda 20023. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko kuhusu bidhaa zenye kasoro na taarifa za kupotosha. Anayetaka pesa zake aende Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na iliyoanza kazi katika mahakama za Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa, haifungwi na kanuni zote kali za ushahidi, na unaweza kujisimamia bila wakili. Peleka taarifa uliyoandika, uthibitisho kwamba ilifika, picha, na kifaa chenyewe. Dai pia hasara iliyotokana moja kwa moja na kasoro, kama ada ya kuingia hifadhini na nauli ya safari iliyokatizwa, mradi risiti zipo.

Wenzetu wa Uingereza wana Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inayotaja siku 30 za kukataa bidhaa mbovu, na kwa miezi sita ya kwanza ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo alipouza. Mwenye ndugu huko anayemnunulia vifaa amkumbushe kutunza risiti, kwa maana haki hizo ni za aliyenunua. Hapa kwetu "muda wa kuridhisha" haujatajwa kwa siku, na kila muuzaji anaupima kwa kamba yake. Tunaiomba Wizara ya Biashara na Bunge waandike idadi ya siku katika sheria, na kwa vifaa vya msimu wahesabu kuanzia siku ya kwanza ya kutumiwa, isipite miezi sita tangu kununuliwa. Na tunaiomba KEBS ilazimishe tarehe ya kutengenezwa iandikwe nje ya boksi la kila buti, kamba na mkanda wa kupandia unaoingia nchini, kwa maandishi yanayosomeka bila kufungua boksi.

Waongozaji na wakaguzi wa vifaa vya kupanda mlima,
Naro Moru